MADA YA 6: WANANCHI NA USIMAMIZI WA HIFADHI YA BAHARI (MFANO WA MAFIA)

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza tofauti kati ya hifadhi ya bahari na eneo tengefu;
(b) kutaja vyombo vinavyosimamia hifadhi ya bahari na kazi za kila kimoja;
(c) kutofautisha kushirikishwa na kusimamia;
(d) kujadili changamoto za usimamizi wa jamii na kupendekeza njia za kuzitatua.

6.1 Utangulizi

Mvuvi wa kisiwa cha Chole anapoingiza ngalawa yake majini alfajiri, mambo matatu yanakuwa yamekwisha kuamuliwa: avue wapi, atumie nyavu za aina gani, na awe na kibali kutoka kwa nani. Maamuzi hayo yanagusa chakula cha watoto wake na karo ya shule. Swali kuu la mada hii ni hili: je, mvuvi huyo alikuwa na sauti katika maamuzi hayo? Na akiona mambo yanakwenda kombo, ana njia gani ya kuwawajibisha wahusika?

Swali hili lina msingi katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Kumbuka kwamba haki na wajibu huenda pamoja: si haki kumwambia mtu alinde kitu ambacho hana kauli juu yake.

6.2 Maana ya maneno muhimu

Hifadhi ya bahari: eneo la bahari, na mara nyingi pwani na visiwa vyake, linalolindwa kisheria lakini ambamo watu wanaweza kuishi na kutumia rasilimali kwa masharti.

Eneo tengefu: eneo la bahari ambamo uvunaji wa rasilimali hauruhusiwi. Mfano ni maji yanayozunguka visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, yaliyotengwa mwaka 1975.

Kushirikishwa: kupewa taarifa, kuitwa mkutanoni au kuombwa maoni.

Usimamizi wa jamii: wananchi kuwa na uwezo wa kuchangia utungaji wa kanuni, kufuatilia utekelezaji wake, kuhoji mapato na matumizi, na kudai marekebisho.

6.3 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia

Wilaya ya Mafia ipo Mkoa wa Pwani. Katika miaka iliyotangulia kuanzishwa kwa hifadhi, matumbawe ya eneo hilo yalikuwa yakiharibiwa kwa uvuvi wa baruti, kwa makokoro yanayoburutwa chini, na kwa uchimbaji wa matumbawe ya kuchomea chokaa. Wenyeji wengi waliona wazi hasara ya baruti: mlipuko mmoja huua samaki wakubwa, wachanga na mayai kwa pamoja, na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29. Mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 822, ikichukua upande wa kusini wa kisiwa kikuu pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Baadaye zilifuata Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma (2000) na Hifadhi ya Silikanti, Tanga (2009).

Hifadhi ya Mafia imegawanywa katika kanda tatu:
1. Kanda ya kiini: hakuna uvuvi wala uvunaji wowote.
2. Kanda ya matumizi maalumu: wakazi wa hifadhi huvua kwa zana zinazoruhusiwa, watu wa nje hawaruhusiwi kuvua.
3. Kanda ya matumizi ya jumla: wakazi na wasio wakazi huvua kwa kibali.

Zingatia: Sheria hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai, Unguja, lilitangazwa mwaka 1997 chini ya utaratibu wa huko.

6.4 Vyombo vya usimamizi

Waziri mwenye dhamana ya uvuvi: hutangaza hifadhi na kutoa kanuni.

Bodi ya Wadhamini: husimamia sera na fedha za hifadhi zote za bahari.

Mhifadhi Mfawidhi: huongoza kazi za kila siku katika hifadhi husika, kama vile doria, vibali na elimu kwa umma.

Kamati ya Ushauri ya hifadhi: huwa na wajumbe kutoka wilayani, vijijini na kwa wadau wengine. Kama jina lake linavyoonyesha, kazi yake ni kushauri.

Halmashauri ya Kijiji: ina wajumbe 15 hadi 25. Huweza kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Sheria ya mwaka 1994 inavipa vijiji vinavyoguswa na hifadhi nafasi ya kushiriki katika kuandaa kanuni, mgawanyo wa kanda na mpango mkuu wa usimamizi.

Kamati za kijiji za uhusiano na hifadhi: hupeleka hoja za wananchi kwa hifadhi na kurudisha majibu kijijini.

Mkutano Mkuu wa Kijiji: wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hiki ndicho chombo cha juu kabisa katika kijiji, na watahiniwa wengi hukisahau.

6.5 Kushirikishwa si kusimamia

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Soma jedwali hili kwa makini.

Kushirikishwa: Wananchi wanaitwa na kuambiwa kanda zimepangwaje.
Kusimamia: Wananchi wanaonyesha kwenye ramani maeneo yao ya uvuvi kabla kanda hazijapangwa.

Kushirikishwa: Wanasaini mahudhurio.
Kusimamia: Wanasomewa muhtasari wa kikao kilichopita na kuuliza lipi limetekelezwa.

Kushirikishwa: Wanaambiwa kijiji kimepata fedha.
Kusimamia: Wanaona kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki.

Kushirikishwa: Vijana wao wanasindikiza doria.
Kusimamia: Wanapata taarifa za waliokamatwa na hatua zilizochukuliwa, wawe wageni au wenyeji.

Mahudhurio makubwa mkutanoni, basi, si ushahidi kwamba jamii inasimamia. Kipimo ni kimoja: je, kuna uamuzi wowote uliobadilika kwa sababu wananchi walizungumza?

Mafia inatufundisha pande zote mbili. Kwa upande mmoja, hifadhi haikuwahamisha watu. Vijiji vimebaki ndani ya mipaka yake, wavuvi wamewahi kubadilishiwa nyavu haribifu kwa zana zinazokubalika, na sehemu ya mapato ya watalii imekuwa ikirudi vijijini. Kwa upande mwingine, baadhi ya wavuvi, hasa wa Jibondo, walipinga kwa muda mrefu masharti yaliyozuia zana zao. Jibondo ni kisiwa ambacho watu wake hutegemea sana bahari, hivyo anayezuia wavu anazuia pia chungu cha jioni. Wavuvi hawa hawakuwa wakitetea baruti. Hoja yao ilikuwa kwamba mzigo wa uhifadhi uliwaangukia wao zaidi kuliko wengine.

Jibu zuri la mtihani hutaja pande zote mbili. Usiandike kwamba wananchi ni waharibifu wanaohitaji elimu tu, wala usiandike kwamba hifadhi ni adui wa wananchi.

6.6 Umuhimu wa usimamizi wa jamii

(i) Wenyeji wanaijua bahari. Wanajua mazalia ya samaki, majira ya kusi na kaskazi, na nani ameingia majini usiku.
(ii) Eneo ni kubwa kuliko boti za doria. Kilometa za mraba 822 haziwezi kulindwa na askari wachache bila macho ya wanavijiji.
(iii) Kanuni huheshimiwa zaidi na mtu aliyehusika kuzitunga.
(iv) Hupunguza rushwa. Mapato yanaposomwa hadharani, ni vigumu fedha kupotea kimyakimya.
(v) Huzuia migogoro, kwa kuwa malalamiko hupata pa kusemewa kabla hayajawa uhasama.

Linganisha na Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Huko, mapema miaka ya 2000, wavuvi wenyewe waliona samaki wanapungua wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari yao ili ipumzike. Mwaka 2017 jumuiya yao ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mafia ilianzishwa kwa sheria ya Bunge. Kuruwitu ilianza kwa makubaliano ya wavuvi. Njia zote mbili zinahitaji kitu kimoja: wananchi wanaoendelea kuuliza.

6.7 Changamoto na utatuzi

Changamoto: Wanawake kusahaulika. Wanawake hukusanya pweza na chaza maji yanapokupwa na hulima mwani. Kamati ikijaa wavuvi wa vyombo pekee, maamuzi kuhusu maji mafupi hufanywa bila wanaoyatumia.
Utatuzi: kutenga nafasi za wanawake na kupanga vikao kwa kuzingatia saa za maji kupwa.

Changamoto: Taarifa kutowafikia wananchi au kuandikwa kwa lugha ngumu.
Utatuzi: kubandika taarifa kwa Kiswahili chepesi kwenye ofisi ya kijiji na dikoni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

Changamoto: Wajumbe wa kamati kushika nafasi muda mrefu au kupendelea jamaa zao.
Utatuzi: uchaguzi wa mara kwa mara na ukomo wa muda.

Changamoto: Mhalifu kuwa ndugu au jirani, hivyo watu kuogopa kumtaja.
Utatuzi: njia za siri za kutoa taarifa na ulinzi kwa mtoa taarifa.

Changamoto: Umaskini. Anayezuiwa kuvua leo hawezi kungoja samaki wa mwaka kesho kutwa.
Utatuzi: shughuli mbadala zinazolipa kweli, na zana halali kupatikana kabla zana haramu hazijakusanywa.

6.8 Swali la mfano na jibu lake

Swali: Kijiji cha kufikirika cha Mwambani kimo ndani ya hifadhi ya bahari. Mwenyekiti anatangaza kuwa shilingi 6,000,000 kutoka hifadhini zimetumika kujenga chumba cha zahanati. Wananchi wanaona msingi tu. Eleza hatua nne wanazoweza kuchukua kwa kufuata sheria.

Jibu: Kwanza, wadai taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Pili, waombe kwa maandishi nakala za stakabadhi na mikataba ya ujenzi, kwa kutumia Sheria ya mwaka 2016. Tatu, mkutano uteue wanakijiji wachache, wakiwamo wanawake na vijana, wakague jengo na kulinganisha na stakabadhi, kisha walete taarifa. Nne, ikionekana fedha zimepotea, suala lipelekwe Halmashauri ya Wilaya, na kukiwa na dalili za rushwa, TAKUKURU. Hatua hizi zinaonyesha uwajibikaji bila kuchukua sheria mkononi. Pia zinamlinda mwenyekiti iwapo hana kosa, kwa sababu huenda stakabadhi zikaonyesha kwamba fedha zilinunua vifaa ambavyo bado vipo stoo.

Angalia jinsi jibu lilivyojengwa: kila hatua imetaja chombo, kitendo na sababu. Sentensi ya mwisho inaongeza thamani kwa kuwa inaonyesha mtahiniwa anaelewa haki ya kila upande.

6.9 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuchanganya hifadhi ya bahari na eneo tengefu.
2. Kuandika kwamba kamati ya kijiji hutoza faini au kufunga watu. Kazi ya kuhukumu ni ya mahakama.
3. Kuandika "elimu itolewe" kwa kila changamoto. Taja elimu gani, kwa nani, na itabadili nini.
4. Kuandika Halmashauri ya Kijiji mahali pa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Halmashauri hutekeleza, Mkutano Mkuu huihoji.
5. Kutaja mifano ya nchi za mbali wakati Mafia, Tanga na Mtwara zina mifano iliyo wazi.

Maswali ya kujipima

1. Toa tofauti mbili kati ya hifadhi ya bahari na eneo tengefu.
2. Taja kanda tatu za Hifadhi ya Bahari ya Mafia na sharti moja la kila kanda.
3. "Kuitwa mkutanoni si sawa na kusimamia." Jadili kauli hii kwa hoja tano.
4. Kwa nini ni muhimu wanawake wawemo katika kamati za kijiji za hifadhi? Toa sababu tatu.
5. Linganisha chanzo cha hifadhi ya Mafia na cha eneo la Kuruwitu, kisha eleza funzo moja ambalo kila upande unaweza kulipata kwa mwenzake.
6. Kazi ya nje: hudhuria Mkutano Mkuu wa kijiji au mtaa wako. Andika swali moja lililoulizwa na wananchi na jibu lililotolewa. Je, jibu hilo lilitosha? Toa sababu.