Namna ya Kuandika Wasifu wa Kazi kwa Mtumishi Mwenye Uzoefu

Somo hili linawahusu watumishi wa Serikali na wananchi waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kumi na zaidi na ambao, kwa sababu ya kupunguzwa kazini, kuhama au kutafuta cheo cha juu, wanalazimika kuandika upya maelezo yao ya kazi. Kijana aliyetoka skuli hana mengi ya kuandika. Taabu ya mtumishi wa siku nyingi ni kinyume cha hiyo: anayo mengi mno, na aghalabu hajui lipi litangulie na lipi liachwe. Matokeo yake ni kuwa afisa anayepitia maombi, ambaye mezani pake pana rundo la barua, huona orodha ya vyeo tu, asiione kazi iliyofanywa.

Mifano imechukuliwa katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Uhusiano wa sehemu hizo na Unguja si wa jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanzisha makazi Masasi. Na hivi leo wako wakaazi wa Unguja ambao wazee wao walitoka katika uwanda wa juu wa Makonde. Juu ya hayo, wafanyakazi wa huko wamepatwa na karibu kila tatizo linalomkabili mtu mwenye uzoefu anapokaa kuandika wasifu wake.

Achukuliwe kwanza mtu ambaye historia yake inajulikana na wote. Marehemu Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alihitimu Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1962, akawa ofisa tawala Dodoma, kisha akaingia katika utumishi wa mambo ya nje. Mwaka 1966 alikuwa mhariri wa magazeti ya chama, mwaka 1972 mhariri wa Daily News, mwaka 1974 mwandishi wa habari wa Rais, na mwaka 1976 mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania. Mwaka huo huo alipelekwa Nigeria kuwa Balozi, na mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Baadaye alikuwa Balozi nchini Canada na Marekani, akarudi Mambo ya Nje mwaka 1984, akashika Wizara ya Habari, na mwaka 1992 Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, mpaka alipochaguliwa Rais mwaka 1995.

Maelezo hayo yote ni ya kweli, lakini yakiandikwa kama yalivyo hapo juu, kuanzia Dodoma na kushuka, msomaji huchoka kabla hajafika kwenye jambo kubwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mtu mwenye uzoefu ni kuanza na kazi ya karibuni na kurudi nyuma. Kanuni ya pili ina uzito zaidi. Akitazama vizuri, msomaji ataona kuwa vyeo hivyo vingi takriban vyote ni vya kazi mbili tu: habari na mambo ya nje. Mtu aliyezunguka katika idara nyingi ajiulize kazi zake hasa ni zipi, azitaje kwa mistari mitatu au minne juu ya ukurasa wa kwanza, ndipo orodha ya vyeo ifuate. Asiyefanya hivyo huonekana kama mtu aliyekuwa akihamahama, kumbe alikuwa akipanda ngazi moja.

Si kila mtu amekuwa Waziri, na walio wengi wana mstari mmoja tu wa kuandika: “Mtunza ghala, chama cha ushirika, Newala.” Mstari huo hausemi lolote. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mtunza ghala wa chama cha msingi amebeba dhamana nzito. Hupokea korosho ghafi za mkulima, huzikagua unyevu na ubora ili kuzipanga katika daraja la kwanza au la pili, huzipima, humwandikia mkulima stakabadhi, na husimamia upakiaji wake kwenda ghala kuu ambako husubiri mnada. Kilo zikipungua njiani, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Basi na aandike hivi: “Mtunza ghala wa chama cha msingi kwa misimu minane. Alipokea, kupima na kupanga korosho kwa madaraja, akatunza daftari la mapokezi na kulinganisha uzito wa chama na ule wa ghala kuu kila shehena.” Kisha aongeze idadi ya tani za msimu mmoja au miwili kama inavyosomeka katika daftari, na upungufu uliopatikana, ukiwapo. Tarakimu ambayo haina karatasi nyuma yake isiandikwe kabisa, kwani kwenye usaili ndiyo itakayoulizwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa bwana shamba. Kuandika kuwa “alishauri wakulima” ni kuandika jambo ambalo kila bwana shamba duniani amelifanya. Kama aliwafundisha wakulima wa vijiji fulani kupuliza salfa kwa wakati ili kuzuia ubwiri unga, ataje vijiji, ataje miaka, na ataje kilichobadilika katika mavuno. Muuguzi wa miaka ishirini naye aseme ni wodi ipi aliyoiongoza na alikuwa na wauguzi wangapi chini yake.

Liko jambo linalowatia watu haya bila sababu, nalo ni pengo la miaka. Mavuno ya korosho ya Tanzania yalifikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakaanguka hadi tani zipatazo 16,500 katika msimu wa 1986/87. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa Kusini katika miaka ya 1970, Masasi na Newala vikiwamo, vilikosa malighafi na vingi vikasimama. Mafundi mitambo na wasimamizi wa zamu walirudi mashambani. Fundi wa namna hiyo akiiacha miaka hiyo tupu, msomaji hudhani alifukuzwa au alifungwa. Mstari mmoja watosha: “Kiwanda kilisimamisha uzalishaji, alijishughulisha na kilimo na ufundi wa mashine za kusaga.” Na ufundi wa mashine za kusaga nao ni uzoefu; uandikwe kwa heshima ile ile.

Majina ya mahali na ya taasisi yabadilikapo, yaandikwe kama yalivyokuwa wakati ule, na la sasa liwekwe pembeni. Aliyefanya kazi Tandahimba ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Newala aeleze hivyo, vinginevyo barua yake ya zamani ya ajira itapingana na wasifu wake.

Tatizo la jina la mtu mwenyewe ni zito zaidi, na ndilo linaloangusha maombi mengi ya watu wenye sifa. Katika uwanda wa Makonde, kama ilivyo kwa Wamakua na Wayao wa jirani, kijana atokapo jandoni huweza kupewa jina jipya. Akibatizwa hupata jingine, na mwalimu mkuu aliyemwandikisha skuli huenda aliandika jina la babu pahala pa jina la baba. Visiwani nako wako watu wanaojulikana kazini kwa lakabu ambayo haimo katika cheti chochote. Mtu huyo huishi vizuri miaka thelathini, mpaka siku vyeti vinapowekwa pamoja juu ya meza moja. Wasifu uandikwe kwa jina lililo katika vyeti vya masomo. Likitofautiana na la kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, jambo hilo lisawazishwe mapema kwa hati ya kisheria iliyosajiliwa, na hati hiyo iambatanishwe. Kutarajia kwamba hakuna atakayeona ni hatari.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwezi Aprili 2017, pale Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Kwa hiyo mwombaji asitaje elimu asiyokuwa nayo, hata kama kazi yenyewe ameifanya kwa miaka mingi na kuijua kuliko wenye vyeti. Ujuzi wa namna hiyo una mahali pake katika sehemu ya uzoefu.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamezoea kutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba ya simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Aliyemo katika utumishi na anayeomba kada nyingine hupitisha barua yake kwa mwajiri wake. Kurasa mbili au tatu zinatosha; semina za siku moja za miaka ya nyuma ziachwe.

Kuhusu wadhamini, mtu mwenye uzoefu ana shida ambayo kijana hana. Mabwana wakubwa waliomsimamia mwaka 1985 wengi wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wamestaafu na kuhamia vijijini ambako barua haziwafikii. Mmoja katika watatu awe ni mtu aliyefanya naye kazi katika miaka mitano ya karibuni. Ndugu wa damu asiwemo. Kila mmoja aombwe idhini kwanza, apewe nakala ya wasifu, na namba yake ya simu ipigwe kabla ya kuandikwa, ili ijulikane kuwa bado inapatikana.