MDALASINI: KUUNUNUA, KUUHIFADHI NA KUUPIKIA

Mdalasini ni gome la ndani la mti. Hubanduliwa, likakaushwa, likajikunja kama bomba. Mti huu hupenda mvua nyingi. Hustawi Unguja, Pemba na Muheza, wala si mti wa nchi kavu kama Igunga. Kwetu mdalasini hununuliwa kwa fedha ya pamba na mpunga. Ukiharibika, fedha hiyo imepotea.

Kununua. Nunua vijiti, si unga. Unga hupoteza harufu katika miezi michache, na ni vigumu kujua umechanganywa na nini. Kijiti kikavu hukaa mwaka mzima na zaidi. Kivunje: kikikatika kwa mlio ni kikavu, kikipinda kina unyevu. Kijiti cha mdalasini halisi kina matabaka mengi membamba. Gome nene, gumu, la tabaka moja, mara nyingi ni la mti mwingine wa jamii hiyo. Hilo litumie kidogo, maana likiliwa kwa wingi kila siku huweza kudhuru ini.

Kuhifadhi. Osha chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo utie vijiti. Iweke penye giza, mbali na mvuke wa jiko. Wakati wa mvua itazame kila juma. Vijiti vikipata unyevu, vianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huondoa harufu. Vikiota ukungu, vitupe.

Kupikia. Kwa pilau ya kilo 1 ya mchele, kijiti kimoja cha urefu wa kidole chatosha. Kitie katika mafuta pamoja na vitunguu. Kwa chai au uji wa mtama, chemsha kipande kidogo pamoja na maji tangu mwanzo. Ukitaka unga, twanga wa siku ile tu.

Onyo. Chupa au kopo lililowahi kutiwa dawa ya pamba lisiwekwe kiungo wala chakula chochote, hata likioshwa kwa majivu na maji ya moto. Sumu hubaki. Litoboe lisitumike tena, kisha mwulize Bwana Shamba namna ya kulitupa.

Ndugu mkulima, leo jioni kagua vyombo vyote vya jikoni pamoja na mama wa nyumba. Chombo msichojua kilikuwa na nini, kiondoeni.