Mhina Uani: Vidokezo 8 vya Kupata Manukato Bila Kumaliza Maji

Hina wengi tunaijua ikiwa unga au rojo, harusi imekaribia na mikono inasubiri kuchorwa. Mti wenyewe tunaupita njiani bila kuusalimu. Kumbe mhina ni kichaka chenye vishada vya maua madogo meupe, yenye harufu inayovuka ua ikaingia kwa jirani, na ukame unauvumilia kuliko mwenye shamba. Ukitaka kuupanda, fanya hivi.

1. Upe jua la kutwa. Chini ya mwembe utarefuka na kukonda, maua usiyaone. Joto la Lamu, Tanga au Dodoma linaufaa sana. Njombe au Limuru, kwenye baridi kali, utateseka bure. Huko panda kingine.

2. Udongo usikuhangaishe. Kichanga sawa, kokoto sawa. Usichokitaka ni maji yanayotuama. Kama kwako ni mfinyanzi, inua tuta kwanza. Ukipanda kwenye ndoo, itoboe chini.

3. Omba kitawi kwa jirani. Mbegu zake ni ndogo mno na huchelewa kuota. Wanaozitumia huziloweka siku kadhaa wakibadilisha maji. Kitawi ni njia ya mkato: chagua kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi. Ondoa majani, kifukie nusu, na uangalie usikipindue juu chini. Mwanzo wa mvua ndio wakati wake.

4. Mwagilia mwanzoni, kisha jizuie. Mche mchanga usiukaushe mpaka ushike mizizi. Baada ya hapo upe maji mengi mara mojamoja, yazame chini na mizizi iyafuate. Ukishazoea, mvua yatosha. Ndoo iwe ya kiangazi kirefu tu. Kiu ikizidi, utapukutisha majani, lakini ukipata maji huchipua tena.

5. Mbolea kiasi. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda linatosha. Ukiuendekeza kwa mbolea, utakupa majani tele na maua ya kuhesabu.

6. Amua: majani au maua? Hapa ndipo wengi hukwama. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kila ukikata ncha kwa ajili ya hina, umekata na manukato. Mwenye nafasi apande miwili, mmoja wa kuvuna na mmoja wa kunusa. Mwenye mmoja akate upande huu msimu huu, upande wa pili msimu ujao. Ule wa maua nao upogolewe maua yakishakwisha, la sivyo utapanda hadi mita nne na harufu yote ifaidiwe na kunguru.

7. Pangia upepo. Harufu hukolea jioni, basi uweke mhina upande unakotokea upepo wa jioni kuelekea barazani. Pwani, kaskazi na kusi hupokezana, hivyo mmoja kila upande si anasa. Uache mita mbili kutoka ukutani. Ukitaka wigo wa mihina, panda kwa kubanana, nusu mita kati ya mche na mche. Matawi ya zamani huota miiba, na mbuzi wa mtaani watakuheshimu.

8. Kausha majani kivulini, na piko likae mbali. Jua kali hufifisha rangi. Yakikauka, twanga, chekecha, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia. Anayekuletea nyeusi ya papo hapo huenda ametia piko, rangi ya nywele ambayo huwababua watu ngozi. Mwambie asante, nina mti wangu.