Vumbi Lisilotua

Mwalimu akifuta ubao, vumbi la chaki huelea kidogo kisha hutua kwenye madaftari ya walioketi mbele. Huo ni mvuto wa dunia. Je, tukitaka vumbi lisitue? Wanasayansi walilipeleka angani.

Kwanza tuijue plazima. Sote twajua yabisi, kiowevu na gesi. Ukiipa gesi nguvu nyingi za umeme, elektroni hung'oka katika atomu, basi ikawa plazima. Imo ndani ya zile taa ndefu za darasani zinapowaka, na katika umeme wa radi. Chembe ya vumbi ikitiwa humo hunasa maelfu ya elektroni. Na kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, kila chembe humkimbia jirani yake. Mwaka wa 1994 watafiti wa Ujerumani na wa Taiwan walitangaza kwamba wameona chembe hizo zimejipanga safu safu, mithili ya wanafunzi gwarideni.

Taabu ni kuwa duniani uzito huzivuta chembe chini zikabanana. Ndipo mwaka wa 2001 Warusi na Wajerumani wakaanza majaribio katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mrusi Sergei Krikalev alikuwa miongoni mwa walioyaendesha. Huko vumbi lilienea kotekote ndani ya chombo, ila katikati pakabaki pengo tupu! Mwaka wa 2014 kilipelekwa chombo kingine, PK-4, chenye neli ya kioo ambamo vumbi hutiririka kama maji.

Mbona vitu huelea kule? Mimi nilijibu darasani ati hakuna mvuto, na wenzangu wakanipigia makofi. Kumbe tulikosa sote! Kituo kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na mvuto wa huko ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Kituo chaanguka daima huku kikiizunguka dunia, na vilivyomo vyaanguka pamoja nacho. Kwa hivyo hakuna kinachomlemea mwenzake.

Faida ni nini? Plazima hutumika kutengenezea chipu za kompyuta, na chembe moja ya vumbi yaweza kuiharibu chipu. Isitoshe, sayari zilianza kwa vumbi kushikamana.

Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi ndugu msomaji, usilidharau vumbi, wala usiogope kukosa jibu darasani. Mimi nilikosa, nami sitasahau.