Ndoo Moja ya Asali Haina Kilo Ishirini

Nilianza kufuga nyuki baada ya kustaafu ualimu, nikiwa na mizinga 12, hapa Njisi, karibu na mpaka wa Kasumulu, ambapo ukivuka mto Songwe umeshaingia Malawi. Kyela inajulikana kwa mchele, kakao na mawese. Asali yetu haina jina kama ya Tabora, nami niliamini mtu mwenye bidii anaweza kuipatia jina. Naamini hivyo hata leo.

Mambo ya nyuki niliyasoma kwa hamu: namna ya kuning'iniza mzinga, kuzuia siafu, kutumia bomba la moshi. Hesabu sikujisumbua nazo. Nilikuwa nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, nikaona daftari la matumizi ni kitu cha watu wasiojua kujumlisha. Mtaji wangu wa kwanza ulipungua mwaka hadi mwaka wakati mavuno yakiongezeka, na kwa muda mrefu sikujua unapungulia wapi. Wewe unayeanza sasa, ambaye nina hakika unataka kufika mbali kuliko mizinga 12, nakuandikia yale ambayo ningependa kuambiwa siku ile.

1. Weka asali kwenye mizani kabla ya kutaja bei

Mwaka wa kwanza nilirina na kuchuja ndoo sita za lita 20. Mnunuzi alitoka mjini na gari, kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mwalimu. Kilo unauza shilingi ngapi?" Nikamwambia 8,000. Akauliza ndoo moja ina kilo ngapi. Nikajibu bila kufikiri: ishirini. Ndivyo nilivyoizoea ndoo ya maji tangu utoto. Akanihesabia shilingi 960,000, tukaagana kwa furaha, nami nikaenda kumwambia mke wangu kwamba nyuki wanalipa.

Msimu uliofuata niliazima mizani kwa jirani anayepima mpunga. Nikapandisha ndoo iliyojaa, nikatoa uzito wa ndoo tupu. Kilo 28. Nikadhani mizani mbovu. Nikapima ndoo ya pili, ya tatu. Ni zilezile.

Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Katika ndoo sita nilikuwa nimempa yule kijana kilo 48 bure, yaani shilingi 384,000. Hakuniibia. Alilipa bei niliyoitaja mwenyewe, kwa uzito nilioutaja mwenyewe. Usiku ule nilirudia hesabu mara nyingi nikitumaini nimekosea, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Tangu hapo daftari langu lina safu ya lita na safu ya kilo, na siuzi kabla zote mbili hazijajazwa. Jambo hili litakugusa zaidi siku utakapoanza kununua asali ya wenzako kwa kilo na kuiuza kwa chupa. Chupa ya nusu lita inabeba karibu gramu 700. Usipolijua hilo, hutajua kama chupa yako ina faida au ina hasara.

Pima pia masega yanapotoka mzingani, kisha asali iliyochujwa, kisha nta. Mimi miaka miwili nilitupa makapi ya masega nyuma ya nyumba. Nilipoyapima na kuyayeyusha kwa mara ya kwanza ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa natupa bidhaa yenye mnunuzi wake.

2. Mzinga uwe na namba, na ndoo iwe na namba

Mwaka wa tatu mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na huku kwetu mvua ikianza haina mchezo. Nikaharakisha kurina. Masega mengine nyuki walikuwa hawajayafunika kwa nta, nami nikayakata vilevile na kuyachanganya na yaliyokomaa. Wiki chache baadaye mama mwenye duka aliniita. Chupa zilikuwa zinatoa povu, nyingine vifuniko vimevimba. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, na asali ambayo nyuki hawajaifunika mara nyingi ina maji mengi.

Akaniuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, chupa zipi ni nzima?" Sikuwa na jibu. Ndoo zote zilifanana, chupa zote zilikuwa na lebo moja isiyo na tarehe. Nikachukua mzigo wote, mbovu na mzima, nikaurudisha nyumbani.

Baada ya hapo nilipaka namba nyeupe kwenye kila mzinga. Kila ndoo sasa ina kipande cha karatasi kinachosema imetoka mizinga ipi, tarehe gani, na masega yalikuwa yamefunikwa au la. Chupa inabeba namba ya ndoo yake.

Namba hizo zikaniletea habari nyingine ambayo sikuitafuta. Wakati huo nilikuwa nimefikisha mizinga 20. Msimu ulipoisha nikajumlisha kilo za kila mzinga, nikaona karibu asali yote ilitoka katika mizinga saba. Mzinga namba 4, ambao nilikuwa nawaonyesha wageni kwa sababu upo chini ya mwembe mzuri karibu na nyumba, ulikuwa haujatoa hata kilo tatu. Mitatu iliyokuwa bondeni, penye unyevu, nyuki hawakuwahi kuingia. Nilikuwa nakusanya fedha ya kununua mizinga kumi zaidi. Daftari likanionyesha kwamba nilichohitaji ni kuhamisha mizinga niliyonayo.

3. Andika fedha ya jirani kwa thamani ya siku ile

Anayeishi Kasumulu anauza kwa fedha mbili. Wateja wanaovuka kutoka upande wa Karonga hulipa kwa kwacha, na mimi nilizipokea, nikaziweka kwenye kopo la maziwa, nikaandika tu "kwacha" na kiasi chake. Niliona nina akiba. Nikaziacha zikue.

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha: dola moja ya Marekani iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Bei za wanaobadilisha fedha hapa mpakani zilikuwa zimeanza kuteremka mapema zaidi, ila mimi sikuwa nimeandika bei ya siku hata moja, kwa hiyo sikuona kitu kikiteremka. Nilipopeleka kopo langu kubadilisha, nilipata shilingi chache kiasi kwamba nilimwomba kijana aliyenibadilishia ahesabu tena. Alihesabu tena, kwa upole.

Baadaye nilisoma habari za Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha kitabu cha hesabu mjini Venice mwaka 1494. Wafanyabiashara wa mji ule walipokea sarafu za nchi nyingi. Utaratibu aliouandika ni huu: katika daftari la kwanza, la haraka, andika kila kitu kama kilivyotokea, kwa sarafu yoyote iliyotumika; ukihamishia katika daftari la pili, geuza yote kuwa fedha moja. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Shida yangu ya Kasumulu ilikuwa imepatiwa dawa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Sasa nina madaftari mawili. Dogo linakaa mfukoni, limechafuka kwa asali, naandika humo papo hapo. Kubwa, kaunta buku, linakaa nyumbani, na kila jioni nahamishia kwa shilingi, nikiandika pembeni bei ya kwacha ya siku hiyo. Na kwacha hazilali tena kwenye kopo zaidi ya wiki moja.

Hapo ndipo nilipoelewa fedha yangu ilikuwa inapotelea wapi: kila mahali ambapo kipimo kimoja kiligeuka kuwa kingine. Lita ikawa kilo, kwacha ikawa shilingi, na, kama nitakavyokiri hapa chini, fedha ya nyuki ikawa fedha ya nyumbani.

4. Mali kauli iandikwe mbele ya anayeichukua

Nilisambaza chupa madukani kwa mali kauli, nikitegemea kumbukumbu na ujumbe wa malipo ya simu. Simu ikaharibika. Mwenye duka mmoja alisema amechukua chupa 12, mimi nilikumbuka 20. Huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na hilo linaniuma kuliko zile chupa nane. Andika idadi, tarehe na bei, naye aweke sahihi. Watu wema hawachukii kuweka sahihi.

5. Kodi humpunguzia anayeandika

Nilidhani daftari ni ushahidi wa kunikandamiza nao. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, hiyo ni shilingi 30,000. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha za kila mwaka, kwa hiyo ulizia vya sasa kwenye ofisi ya TRA, lakini nenda na daftari mkononi.

6. Jiandike wewe mwenyewe, na waandike wanaokusaidia

Hili lilinichukua miaka mingi kuliko yote.

Ada ya mtoto ikifika, nilichota kwenye fedha ya asali. Msiba ukitokea, nilichota, na huku kwetu msiba ni wa ukoo mzima, huwezi kwenda mikono mitupu wala sikushauri ujaribu. Sikuandika, kwa sababu niliona aibu kuandika mchango wa msiba kama matumizi. Mwisho wa mwaka nikasema nyuki hawana faida. Nyuki walikuwa na faida, ila ilikuwa imesomesha na kuzika. Siku nilipoanzisha safu ya "Nimechukua mimi," niliacha kuwalaumu nyuki.

Halafu kuna mtoto wa dada yangu. Alinisaidia kila msimu: kupanda miti usiku, kubeba ndoo, kuchuja mpaka alfajiri. Nilimpa chupa mbili tatu, akasema, "Ahsante, mjomba." Mwaka niliotaka kujua gharama halisi ya kilo moja, nikaandika siku za kazi za kila mtu. Siku zangu zilikuwa 31. Zake zilikuwa 58. Hizo zake niliziweka kwa ujira wa kibarua wa shambani, na faida niliyokuwa nimemsomea mke wangu kwa sauti asubuhi ile ikabaki chini ya nusu. Ile iliyoondoka ilikuwa ya kijana.

Nilimwita, nikamwonyesha ukurasa. Alisoma kimya, akageuza ukurasa wa nyuma kuona kama mwaka uliotangulia pia ameandikwa. Hakuandikwa. Tulikubaliana nimlipe kwa awamu tatu, na nikazimaliza zote.

Fedha ile alinunulia mizinga minne. Wiki iliyopita alikuja nyumbani na kaunta buku jipya na rula, akaomba nimwonyeshe nilivyochora safu zangu. Safu ya kwanza aliyochora, kabla hata ya tarehe, ilikuwa ya majina ya watu waliofanya kazi.