"MARA MOJA" NI LINI?



Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii neno la Kiingereza "immediately" ni nini kwa Kiswahili, atakujibu kabla hujamaliza swali: "Mara moja!" Jibu hilo si kosa. Lakini nina kisa cha kuonyesha kwamba halitoshi.

Muhula uliopita nyanya yangu alitoka mashambani akaja kukaa nasi Jericho. Alikuwa na kikohozi kibaya, nami nikampeleka zahanati. Daktari alizungumza Kiingereza, kwa hivyo mimi nikawa mkalimani. Alisema dawa imezwe "immediately" baada ya chakula. Nikaona hapo hakuna kigumu, nikatafsiri: "Nyanya, utameza mara moja baada ya kula." Bahasha ilikuwa na vidonge 15 na imeandikwa 1 × 3, lakini nyanya hazijui alama hizo, na mimi sikumweleza.

Siku tatu zikapita, kikohozi ni kile kile. Baba akahesabu vidonge. Badala ya 6, vilikuwa vimebaki 12!

"Nyanya, mbona humezi dawa?" nikamwuliza.

"Nameza, mjukuu wangu. Kila siku mara moja, nikishakula. Si ni wewe ulisema mara moja?"

Nilikosa la kujibu. Nyanya alikielewa Kiswahili changu vizuri; mimi ndiye niliyekitumia vibaya. Baba alimrudisha kwa daktari siku iyo hiyo, akaanzishiwa dawa upya, na namshukuru Mungu alipona. Tangu hapo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya, na tofauti zake ni hizi:

(a) Mara moja. Neno "mara" ni la kuhesabia: mara moja, mara mbili, mara tatu. Katika amri, "mara moja" huwa ni bila kuchelewa: "Njoo hapa mara moja!" Lakini mahali ambapo mtu anatarajia hesabu, kama vile kwenye dawa, atasikia hesabu. Hapo litumie kuhesabia tu: "mara moja kwa siku."

(b) -po- na "tu". Kitendo kimoja kikifuata kingine bila nafasi katikati, sema: "Kengele ilipolia tu, tulitoka nje." Kwa jambo la kila siku tumia -ki-. Ningemwambia nyanya hivi: "Kila ukimaliza kula tu, meza kidonge kimoja, asubuhi, mchana na jioni." Hapo hangepotea.

(c) Papo hapo. Hili lina wakati na mahali kwa pamoja. "Mwizi alikamatwa papo hapo" maana yake hakupata hata nafasi ya kuondoka pale alipokuwa.

(d) Sasa hivi. Hushikamana na wakati wa msemaji. Huenda mbele: "Nakuja sasa hivi." Hurudi nyuma pia: "Ametoka sasa hivi." Usilitumie kusimulia mambo ya zamani. "Alifika nyumbani na sasa hivi akalala" ni kosa, sema "alipofika tu, alilala." Huku kwetu Eastlands tunasema "saa hii". Kila mtu anamjua yule makanga wa Jogoo Road anayeita, "Twende, gari inatoka saa hii!" Ukishaingia, unakaa nusu saa mpaka kiti cha mwisho kijae. Hapo kosa si la neno, ni la makanga!

(e) Upesi, haraka, hima, chapuchapu. Wengi wetu huyachanganya haya na "mara moja". Haya hutaja mwendo wa kitendo, si wakati wa kukianza. Mtu anaweza kuanza kufua mara moja lakini asifue haraka. Na wale wanaodhani "chap chap" ni Sheng tupu, wajue kwamba "chapuchapu" ni Kiswahili. Sisi tumelikata mkia tu.

(f) Moja kwa moja. Hili ni la njia, bila kupinda wala kusimama: "Toka shule uende nyumbani moja kwa moja, usipitie Burma."

Sasa jaribu zoezi hili. Jaza pengo kwa neno linalofaa zaidi:

1. Alimwona simba, akazirai ______.
2. Mwalimu mkuu hayuko, ameondoka ______.
3. Aliandika insha ______ hata mwandiko haukusomeka.

Majibu: 1. papo hapo; 2. sasa hivi, 3. haraka (au upesi, au chapuchapu).

Ndugu zangu, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, wengi wetu bado tunaitwa kuwatafsiria wazee barua, bili na maagizo ya dawa. Tusitupe neno la kwanza linalokuja mdomoni. Ukishamtafsiria mzee, mwombe akurudilie alivyoelewa. Mimi siku hizi ndivyo ninavyofanya, na nyanya hunicheka: "Leo ni mara ngapi, mwalimu?"

Kiswahili kitukuzwe!

Mwanachama, Kidato cha Tatu