Dondoo muhimu: Kuunganisha upatanaji wa ufunguo na usimbaji linganifu

Njia ya Diffie na Hellman, iliyochapishwa mwaka 1976, huwawezesha watu wasiowahi kukutana kupata namba moja ya siri hata mawasiliano yao yote yakisikilizwa, lakini haithibitishi ni nani aliye upande wa pili. Kwa hiyo ujumbe wa upatanaji utiwe saini ya kidijitali, la sivyo mdukuzi atakayejipenyeza katikati atapatana ufunguo na kila mmoja wao bila kugundulika. Namba hiyo ya siri ipitishwe kwanza katika HKDF, yaani kanuni ya kuzalisha funguo, ili kila mwelekeo wa mawasiliano upate ufunguo wake.

Data yenyewe ibebwe na usimbaji linganifu, ambao hutumia ufunguo uleule kufunga na kufungua ujumbe na una kasi zaidi. Aina yake iitwayo AES-GCM hufaa, kwani hubaini pia ujumbe uliochezewa. Hapa pana hatari inayostahili uangalifu wa pekee: namba ya kutumika mara moja, ambayo AES-GCM huihitaji kwa kila ujumbe na kwa kawaida huwa na biti 96, ikirudiwa chini ya ufunguo uleule, siri ya jumbe mbili zilizoitumia huvuja na mshambuliaji huweza kughushi nyingine.

Funguo za muda za upatanaji na za usimbaji zifutwe kikao kinapokwisha, ili wizi wa ufunguo wa kudumu wa kutia saini usifichue mazungumzo ya zamani.